Furaha ya Kupekua na Haki ya Muuzaji

Dukani kwa vitabu vipya twaingia tukijua tukitakacho. Kwa muuzaji wa vikuukuu twaingia bila haja maalumu, na kitu ndicho kitutafutacho. Katika kibanda kimoja cha Kampala tumepata kusimama saa mbili nzima, vidole vyeusi kwa vumbi, tukipekua sarufi za Kilatini, miongozo ya mitihani na riwaya zilizopoteza majalada. Chini yake zimelala santuri za rumba zenye jina la Léopoldville, mji ulioitwa Kinshasa tangu 1966. Ukiielekeza santuri kwenye mwanga, mikwaruzo hukuonyesha ni upande upi uliopendwa zaidi katika nyumba ilikotoka.

Siku moja tulikuta humo *Kusadikika* ya Shaaban Robert, chapa ya 1951, jalada bado zima. Muuzaji, kijana mpole asiyesoma Kiswahili, alitaja bei ya daftari la shule. Tulilipa upesi, na upesi huo ndio unaotusumbua. Hatukusema uongo, bei aliitaja mwenyewe. Lakini ule uso wa kutojali tuliouvaa ulikuwa nini, kama si uongo usio na maneno?

Wapo watakaotujibu kwamba elimu ni mtaji, na aliyekesha akisoma ana haki ya kufaidi ujuzi wake. Tena, kila muuzaji akijulishwa thamani ya mali yake, mwanafunzi maskini atanunua wapi? Hoja hii ya pili ni nzito, kwani wengi wetu tulipata vitabu vyetu vya kwanza katika mafungu kama hayo. Walakini siku ile mnunuzi hakuwa mwanafunzi maskini. Alikuwa mwalimu, mtu alipwaye ili asifiche ajuacho; na kitabu alichokikumbatia chasimulia habari za Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria!

Juma lililofuata tulirudi, tukamweleza kijana kitabu kile ni kitu gani, tukamwongeza fedha. Alicheka, akazipokea, kisha akauliza ni vipi vingine vya namna ile. Basi tukaketi naye hadi jioni, tukivitenga vya Kiswahili upande mmoja. Bei zake zimepanda tangu hapo, nasi, tukisema kweli, hunung'unika kidogo kila tulipapo.