Subira si Ridhaa

Nilipokuwa nikisoma muhula mmoja nchini Denmark, sisi wanafunzi wa kigeni tulipelekwa siku moja kutembelea kisiwa cha Fanø. Kutoka mji wa Esbjerg ni dakika 12 tu kwa feri. Mimi ni mtu wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mbali kabisa na bahari, na nilitarajia kurudi na picha za kuwaonyesha wenzangu. Nilirudi na swali, nalo ndilo ninalotaka kulijadili katika insha hii: mtu akikubali kubaki nyumbani na kumsubiri mwenzake anayesafiri, je, kukubali kwake kunalifuta deni la yule aliyeondoka?

Kwanza nieleze nilichokiona. Mwaka 1741 mfalme wa Denmark alikiuza kisiwa hicho kwa mnada, na wenyeji wakakinunua wao wenyewe. Pamoja na ardhi walipata haki ya kujenga meli zao. Kisiwa cha wakulima na wavuvi kikawa kisiwa cha mabaharia, na mwishoni mwa karne ya 19 Fanø ilikuwa na mojawapo ya makundi makubwa zaidi ya meli za matanga nchini Denmark. Baadaye meli za mvuke zilishika njia za baharini, na bandari mpya ya Esbjerg ikakua ng'ambo ya pili. Leo kisiwa kinaishi zaidi kwa wageni kama sisi.

Katika kijiji cha Sønderho, kusini mwa kisiwa, nyumba ni ndefu na za chini, zimeezekwa kwa matete, na zote zimelala mashariki hadi magharibi ili upepo wa baharini uzipige ubavu mdogo. Ndani ya kanisa zinaning'inia meli ndogo za kuchongwa, zaidi ya kumi, kumbukumbu ya vyombo na watu waliovisafirisha. Nilizitazama kwa muda mrefu. Kisha nikatafuta kumbukumbu ya waliobaki, kwa kuwa tulikuwa tumeelezwa kwamba wanaume walipokuwa baharini, wanawake ndio waliolima, waliofuga na waliolea. Walifanya kazi shambani wakiwa wamefunika nyuso kwa barakoa ya kitambaa ili jua na mchanga unaopeperushwa visiwaunguze. Darini mwa kanisa sikuona jembe hata moja.

Niliwaona kwingine, madirishani. Katika madirisha mengi wamekaa mbwa wawili wa kauri, wale ambao mabaharia walikuwa wakiwaleta kutoka Uingereza. Mama mmoja mzee aliyekuwa akitutembeza alituambia kwamba zamani, mume akiwa safarini, mbwa walitazama nje. Akirudi, waligeuzwa wakatazama ndani. Wenzangu walipiga picha. Mimi nikamwuliza, "Nani alikuwa akiwageuza?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mke," akasema. "Nani mwingine alikuwepo?"

Jibu hilo lilinipeleka nyumbani. Baba yangu ni dereva wa lori. Kwa miaka mingi ameifanya njia ya Kampala na Mombasa kupitia Malaba, na Kiswahili ninachokisoma chuoni nilikisikia kwanza kinywani mwake, kimechanganyika na harufu ya dizeli. Alikuwa akija kwa siku mbili, anaondoka kwa wiki tatu. Mama ndiye aliyelima, aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni, aliyezika jirani na kumwombea udhuru mumewe. Tulipomwuliza kama hachoki, alisema, "Subira huvuta heri." Nikakua nikiamini kwamba mambo yako sawa, kwa kuwa mwenye kuumia alikuwa amesema yako sawa.

Wapo watakaosema kwamba hapa hakuna swali. Mke wa baharia alijua anaolewa na nani. Alikubali. Isitoshe, mume hakuondoka kwa anasa, alikwenda kuwatafutia. Zile nyumba nzuri za Sønderho zilijengwa kwa mshahara wa bahari, na karo yangu mimi imelipwa kwa mshahara wa barabara. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuidharau. Baharia aliyezama hakuwa na maisha mepesi kuliko mkewe, wala baba yangu anayelala chini ya lori.

Hata hivyo, naona hoja hii inakosea mahali pawili. Kwanza, inachukulia kwamba hiari hufuta deni. Tuchukue mfano wa mkopo. Rafiki anayenikopesha fedha hunikopesha kwa hiari yake. Kama ningezichukua kwa nguvu, huo ungekuwa wizi. Ni kwa sababu alinipa kwa kupenda ndiyo maana sasa ninadaiwa. Hiari yake ndiyo iliyolizaa deni, basi haiwezi kuwa hiyo hiyo iliyolifuta. Mwanamke aliyekubali kubaki hakutoa msamaha. Alitoa mkopo wa miaka yake. Na ikiwa safari ilimnufaisha pia, hilo linapunguza deni lakini halilimalizi, kwa sababu kila mkopeshaji hutarajia faida fulani na bado anadai.

Pili, inachukulia kwamba kila anayenyamaza amekubali. Ridhaa inahitaji mambo mawili: kujua unachokikubali, na kuweza kukikataa. Kuhusu kujua, wapo wanaosimulia kwamba mbwa wale wa kauri waliuzwa na wanawake wa bandari za Uingereza waliokuwa wakiuza miili yao, na mbwa ilikuwa njia ya kuficha biashara. Huenda ni uvumi tu. Lakini uvumi huo unanikumbusha kwamba anayesubiri huweka dirishani zawadi asiyoijua ilikotoka. Na kuhusu kukataa, mke ambaye meli ya mumewe imekwisha kutweka tanga angemkatalia nani? Methali yetu inasifu subira kwa kuwa huvuta heri, ila haisemi heri hiyo huvutwa hadi mlangoni kwa nani.

Nilikuwa nikiyawaza hayo kama mtoto anayemhukumu baba yake. Kisha dada yangu mdogo akanipigia simu. Katikati ya muhula ule ule, mama alikuwa amelazwa hospitalini siku nne. Baba alikuwa Mombasa akisubiri mzigo. Siku mojawapo kati ya hizo nne nilizungumza na mama, akaniambia, "Sisi tuko salama, mwanangu, wewe soma." Nami nilifurahi, nikaenda kucheza mpira. Nilikuwa baharia, na mbwa wa dirishani kwetu walikuwa wametazama nje bila mimi kujua kwamba wapo.

Tangu hapo naamini kwamba deni la anayeondoka halilipwi kwa fedha anazotuma peke yake. Fedha ni sehemu yake. Sehemu nyingine ni kuhesabu: kujua ni kazi gani imefanywa ukiwa haupo, na imefanywa na nani, na kuitaja mbele za watu kama safari yako inavyotajwa. Na sehemu ngumu zaidi ni kuuliza upya. Ridhaa iliyotolewa miaka kumi iliyopita haiwezi kutumika kama kitambulisho kisichoisha muda. Aliyekubali jana ana haki ya kuulizwa leo, tena kwa namna itakayomwezesha kusema hapana bila kuonekana mbaya.

Nilipomweleza baba habari za mbwa wale, alicheka. Halafu akanyamaza kwa muda, akaniambia kwamba anazijua kilomita zote za barabara ile, lakini hajui mama yako hulima mashamba mangapi. Alisema "mama yako", kama wasemavyo kwetu, na hakuongeza neno.

Sasa nimepata nafasi ya kuomba kurudi Denmark kwa masomo ya miaka miwili. Fomu ninayo, nimeijaza yote isipokuwa sahihi. Baba amepata likizo mwezi ujao, nasi watatu tutakaa pamoja, na dada yangu atakuwepo, kwa sababu ndiye aliyelala hospitalini chini ya kitanda cha mama. Mama ameshasema niende. Nimemwambia bado sijamwuliza.