SIRI YA MGONJWA NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yaliyo wazi na yaliyofichika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia ninyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Mola wetu ametuamuru kurudisha amana kwa wenyewe. Wengi wetu tukisikia amana tunafikiri pesa na mali tu. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, alitufundisha kwamba mtu akikueleza jambo kisha akageuka kutazama nani yupo, jambo hilo ni amana kwako. Si lazima akuambie usiseme. Kugeuka kwake kunatosha.

Sasa mtazameni mgonjwa. Akiingia kwa daktari hufunga mlango na kuteremsha sauti. Husema asiyomwambia hata mama yake. Maneno hayo huandikwa katika fishi, na siku hizi katika kompyuta na simu. Yakiandikwa huko hayaachi kuwa amana.

Huko Ufini, nchi ya Ulaya, palikuwa na kampuni ya kutibu maradhi ya nafsi iitwayo Vastaamo. Kompyuta zake hazikulindwa sawasawa, mwizi akaingia kwa njia ya intaneti akachukua siri za wagonjwa wapatao 33,000. Mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kuandikiwa: lipa euro 200, la sivyo uliyomwambia mganga wako yatatangazwa. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Lakini siri zilizokwisha kutoka, nani atazirudisha?

Ndugu zangu, tusiseme Ufini ni mbali. Kwetu hahitajiki hata mwizi hodari. Inatosha mtu wa laboratwari kupiga picha ya matokeo ya damu na kuituma katika kundi la WhatsApp. Inatosha neno la siri moja kutumiwa na watu kumi, au fishi za zamani kufungiwa karanga sokoni. Msichana akisikia ugonjwa wake unazungumzwa mtaani, hatarudi kuchukua dawa. Na jirani yake aliyeyaona hayo hatakwenda kupimwa. Hivyo ulimi wa mtu mmoja unaweza kuua wawili.

Serikali yetu nayo imekataza. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wenye virusi vya ukimwi, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za kila mtu. Lakini Mwislamu hangoji polisi.

Basi wewe unayefanya kazi hospitalini, funga kompyuta unapoinuka, wala usimpe mwenzako neno lako la siri. Kumjulisha mganga mkuu wa zoni ya afya juu ya ugonjwa wa kuambukiza si kutoa siri, ni wajibu. Kumjulisha shangazi yako ni khiyana. Nasi tunaokwenda kutazama wagonjwa, tuombe dua, tuache simu mfukoni.

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu, utusitiri duniani na Akhera, na utujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin. Wabillahi tawfiq.