Haki ya Mtu Usiyemrudia

Mtu atokaye Mombasa kwenda Kisumu kwa gari la moshi hana budi kubadili gari Nairobi. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, humshusha nje ya mji. Safari za Kisumu, zilizorejea mwaka 2021, zilianzia jioni kwenye kituo cha kale. Kati ya magari hayo mawili abiria hukaa saa chache katika mji usiomjua.

Katika saa hizo hula, hunywa chai, hutafuta mchukuzi. Nasi twawasikia watu wetu, wenye murua mkubwa mitaani kwao, wakisimulia kwa kicheko: walipatana na mchukuzi shilingi mia mbili, gari lilipopiga honi wakamtilia mia. Atafanya nini? Hawezi kupanda kudai.

Ndugu zetu, huku kuondoka ni nguvu kama nguvu nyingine. Mwenye mabavu hudhulumu kwa mkono, na msafiri hudhulumu kwa mguu. Mtaani twalipa, lakini huko twaonwa na jirani na mkwe, kwa hivyo hatujui kama twalipa kwa uaminifu au kwa haya. Nairobi jioni hakuna mkwe.

Huenda mtu akasema kwamba wenyeji nao hupandisha bei wakimwona mgeni. Ni kweli, na ni dhuluma vilevile. Lakini aliyekuzidishia bei ya chai siye aliyekubebea sanduku.

Sharia imemhurumia msafiri. Sala ya rakaa nne husali mbili, na katika Ramadhani hula akalipa baadaye. Tumetazama katika mlango huo ruhusa ya kupunguza ujira wa mtu, wala hatukuiona. Mwenyezi Mungu husamehe iliyo haki Yake, naye ni Mkwasi; mchukuzi ana kodi ya nyumba.

Zamani aliyeondoka bila kulipa, kwa haraka ya gari, alikuwa na udhuru kidogo. Wanavyuoni walimwambia amtafute mwenye haki, na akimkosa kabisa amtolee sadaka. Leo udhuru huo umedhoofika. Tangu mwaka 2007 Kenya hutuma fedha kwa simu, na muuza chai ameandika nambari yake ukutani. Abiria aliyekumbuka deni lake Naivasha aweza kulilipa papo hapo, hali ameketi kitini mwake.