Kuhani Alitoka Nje ya Kambi

Masomo: Mambo ya Walawi 14:1-32, Hesabu 12:1-16, 1 Wathesalonike 2:17 hadi 3:8

 

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wanadhani limekwisha. Tarehe 18 Machi 2020 wagonjwa wawili wa kwanza wa Corona walitangazwa hapa Zambia. Siku chache baadaye serikali iliagiza kwamba mikusanyiko, hata ya harusi na mazishi, isizidi watu 50. Mwisho wa Aprili 2020 nyumba za ibada ziliruhusiwa kukusanya watu tena, lakini kwa masharti: barakoa usoni, kunawa mikono mlangoni, na kukaa mbali mbali. Katikati ya mwaka 2021 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na masharti yakakazwa upya. Mwishowe, tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha.

Masharti yalikwisha. Ndoo ya maji mlangoni iliondolewa, na benchi zikasogezwa karibu tena. Lakini je, watu wote wamerudi? Hilo ndilo swali la somo letu. Kufunga mlango kulikuwa na siku yake. Kuwarudisha waliobaki nje ni kazi ya nani?

1. KUFUNGA MLANGO HAKUKUWA KUKOSA IMANI

Wakati ule palikuwa na maneno mengi. Wengine walisema Corona ni ugonjwa wa wazungu na hautafika kambini. Wengine walisema Mkristo mwenye imani havai barakoa. Chanjo ilipoanza Zambia, Aprili 2021, wako waliosema ni alama ya mnyama. Waumini waliokaa nyumbani kwa utii waliitwa waoga, na neno hilo liliwauma.

Wapendwa, tuangalie Maandiko. Mungu mwenyewe ndiye aliyemfundisha Musa, katika Mambo ya Walawi sura ya 13, kwamba mwenye ugonjwa wa kuambukiza akae nje ya kambi kwa muda. Hakusema hivyo kwa sababu hakuweza kuponya. Alisema hivyo kwa sababu aliwapenda wote waliomo kambini. Kambi ni mahali ambapo hema moja liko karibu na jingine, na watu huteka maji pamoja. Sisi hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Wenye jamaa Kivu ya Kaskazini na Ituri wanajua pia. Ebola ilipowapiga kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Makanisa ya huko yaliacha kushikana mikono, na ndoo za kunawia zikawekwa milangoni. Hawakuacha kuomba. Waliomba na kunawa.

Hata watu wa ziwa hili wanajua kufunga. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Ziko sababu. Zamani palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili atage mayai. Watu walimvua wakati huo huo, akiwa bado na mayai yake. Kufikia mwaka 1950 hivi, uvuvi wa mpumbu ulikuwa umekufa. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili halaumu kufungwa kwa ziwa. Anajua kwamba ziwa hufungwa ili watoto wake nao wapate kula.

Basi wewe uliyekaa nyumbani mwaka 2020 kwa kuwa u mzee, au una pumu, au una ugonjwa wa sukari, usikubali mtu akuambie kwamba imani yako ilikuwa ndogo. Ulilinda uhai wako na uhai wa jirani. Hiyo nayo ni ibada.

Lakini angalieni tofauti moja. Ziwa likifunguliwa mwezi wa Machi, habari hufika mpaka kwa mvuvi wa mwisho, na usiku ule ule taa za wavuvi wa chisense zinaonekana majini. Mlango wa kanisa ulipofunguliwa, ni nani aliyepeleka habari kwa mama mzee aliyeambiwa akae nyumbani? Tangazo lilisomwa kanisani, mbele ya wale waliokuwa tayari wamekuja. Aliyekuwa nyumbani hakulisikia.

2. KUHANI ALITOKA

Wengi husoma sura ya 13 ya Walawi, wakafunga kitabu. Sura ya 14 ndiyo dawa. Hapo Mungu anaeleza jinsi mtu aliyewekwa nje anavyorudishwa. Tazameni mstari wa 3: kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kwenda kumwangalia mgonjwa. Mgonjwa hasimami langoni akipiga kelele afunguliwe. Hatumi barua kuomba ruhusa. Mwenye mafuta na mamlaka ndiye anayevaa viatu, anapita mahema ya watu, anatoka nje, anakwenda mpaka pale alipo yule mtu, anamtazama kwa macho yake mwenyewe.

Ndugu zangu, sheria iliyomtoa mtu nje ndiyo hiyo iliyomwagiza kuhani amfuate. Kanisa likishika nusu ya kwanza ya sheria na kuiacha nusu ya pili, halijaitii sheria.

Tusome mbele. Aliyepona alipaswa kuleta wana-kondoo watatu, unga na mafuta. Lakini mstari wa 21 unasema juu ya maskini, ambaye mkono wake haufikii hayo yote. Huyo alipunguziwa: mwana-kondoo mmoja, unga kidogo, na njiwa wawili. Ilipofika saa ya kupakwa mafuta, je, maskini alipakwa nusu? Hapana. Tajiri alipakwa sikio la kuume, kidole gumba cha mkono na cha mguu. Maskini vile vile: sikio, mkono, mguu. Sadaka ilipunguzwa, mafuta hayakupunguzwa.

Tunasema haya kwa sababu wako watu hapa wanaoogopa kurudi kwa ajili ya deni. Miezi ile walikaa bila kutoa mchango, na sasa wanadhani wakija wataulizwa daftari. Mama mmoja akipita mbele ya kanisa huzunguka njia ya nyuma, kwa kuwa hana nguo ya ibada wala kitu cha kutoa. Mama, hudaiwi. Mungu aliyempunguzia maskini wa Israeli hakudai wewe. Njoo na njiwa zako mbili. Hata njiwa kama huna, njoo.

Mtume Paulo naye alifungiwa mlango. Wathesalonike walikuwa watoto wake wachanga katika imani, lakini palitokea fujo mjini, wakuu wa mji wakachukua dhamana kwa Yasoni, na ndugu wakamtorosha Paulo usiku (Matendo 17:5-10). Sisi tuliokimbia usiku tunaijua safari ya namna hiyo. Paulo aliandika kwamba alitengwa nao kwa uso lakini si kwa moyo, na kwamba alitaka kurudi mara kwa mara akazuiliwa. Je, alisema basi, Mungu atawatunza mwenyewe? Aliposhindwa kuvumilia alimtuma Timotheo, akakubali kubaki peke yake Athene. Timotheo alitembea, akawaona, akarudi na habari. Paulo aliposikia kwamba bado wanasimama, alipata uhai upya. Asiyeweza kwenda mwenyewe hutuma mtu.

3. KAMBI YOTE ILINGOJA

Somo la tatu linatoka Hesabu 12. Miriamu aliwekwa nje ya kambi siku saba. Hapa tuwe waangalifu. Miriamu alipatwa kwa sababu alimnena Musa vibaya, na Maandiko yanasema hivyo wazi. Tusichukue habari hii kumhukumu aliyeugua Corona au kipindupindu kwamba ametenda dhambi. Yesu alikataa hesabu hiyo alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu (Yohana 9:1-3).

Tunalotaka kuliona ni mstari wa 15. Israeli walikuwa safarini kwenda nchi ya ahadi. Walikuwa watu maelfu, na wanyama, na watoto. Mwanamke mmoja alikuwa nje, na watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Siku saba mahema hayakung'olewa. Hakuna aliyesema, "Ni mtu mmoja tu, twende, atatufuata."

Wengi wetu tuliondoka Pweto na Moba kuanzia Agosti 2017. Tulipokelewa Kenani, na mwaka 2018 tukaanza kuhamia Mantapala. Kila jamaa hapa ina mtu aliyengojewa njiani: bibi aliyechoka, mama mjamzito, mtoto aliyevimba miguu. Risasi zilikuwa nyuma, na bado mtu alingojewa. Kama tuliweza kungojana tukikimbia vita, tutashindwaje kungojana sasa tulipokaa?

4. BENCHI TUPU ZINA SABABU ZAKE

Tusiseme upesi kwamba asiyekuja amerudi nyuma. Sababu ziko nyingi, na hazijulikani mpaka mtu abishe hodi.

Wako waliorudi nyumbani. Tangu Desemba 2021 safari za kuwarudisha wakimbizi Pweto kwa hiari zilianza, na baadhi ya waliokuwa wakiimba pamoja nasi sasa wanaimba ng'ambo. Hao tuwaombee.

Wako waliokwenda ziwani kutafuta chakula, Mununga na kwingine, kwa biashara ya samaki. Wanarudi baada ya wiki nyingi na wanaona haya kuingia kama wageni. Hao tuwatumie salamu na mtu anayekwenda huko.

Wako waliofiwa. Hawa tunawaomba wote mwafikirie sana. Kuna watu waliozika baba au mama wakati ule bila matanga, wachache wakisimama mbali, bila kukumbatiwa, bila nyimbo za usiku. Mtu aliyezika hivyo hubeba kilio ambacho hakijalia. Miaka imepita, ni kweli. Lakini pole iliyochelewa bado ni pole. Nendeni mkae naye mkekani. Mwacheni ataje jina la marehemu wake na kueleza jinsi alivyokufa.

Na wako waliozoea kuomba nyumbani. Hao wasikaripiwe. Kanisa lilikuwa nyumbani mwa Filemoni kabla ya kuwa na jengo, na miezi ile baba na mama wengi walijifunza kuwasomea watoto Neno wao wenyewe. Hicho ni kitu kizuri, kisipotee. Lakini kaa moja likitolewa motoni huwaka kidogo, kisha huzimika. Njoni mtuletee moto mliouwasha nyumbani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila jamaa itaje jina la mtu mmoja wa mtaa wake ambaye hajaonekana tangu wakati wa Corona. Jina moja, si kumi.

Pili, mwendeeni watu wawili wawili. Msipeleke daftari la michango wala maswali ya hukumu. Semeni tu: tumekuja kukuona. Mkikuta njaa au ugonjwa, waambieni mashemasi siku ile ile.

Tatu, asiyeweza kutembea mpaka kanisani, ibada imfuate. Wimbo mmoja, somo moja na maombi mlangoni pake vinatosha. Vijana, kazi hii ni yenu. Miguu yenu ni mizima.

Nne, tujiandae. Magonjwa hayajaisha duniani, na kipindupindu hurudi Zambia wakati wa mvua. Siku moja tunaweza kuambiwa tena tusikusanyike. Siku hiyo orodha ya wazee, wajane na wagonjwa iwe tayari, na kila mmoja awe na Timotheo wake kwa jina. Tukifanya hivyo, mlango ukifungwa, kanisa halitafungwa.

Mpendwa unayesomewa barua hii ukiwa kitandani au mlangoni pako: nafasi yako kwenye benchi bado ni yako. Hatuhesabu safari kuwa imeendelea wakati wewe uko nje.

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, wewe uliteswa nje ya lango la mji ili uwafikie walio nje. Utupe miguu ya kutoka. Uwafariji waliozika bila matanga. Uwalinde waliovuka kurudi Pweto na wanaotafuta riziki ziwani. Uwaguse wazee wetu waliobaki nyumbani, na utukutanishe tena uso kwa uso. Amina.