Ardhi Iliyochimbwa Hupona Lini?

Wapo wanaoamini kwamba machimbo yakishaota majani, deni limelipwa. Mimi siamini hivyo, maana kijani ni rangi tu.

Tuchukue machimbo ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, palipochimbwa mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika mwamba uliobaki mtupu, wenye maji ya munyu chini yake. Alijaribu aina 26. Zilizohimili ni 3 tu, mmojawapo mvinje. Mtu wa haraka angehesabu mivinje iliyosimama, akaandika kwamba pamepona. Lakini majani yake yalilundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Jongoo, mdudu tunayemruka njiani, ndiye aliyeletwa akayala, akayageuza mbolea. Ndipo mimea mingine ikapata pa kushika mizizi.

Basi mpimaji wa haki haangalii juu kwanza. Hupiga magoti akafukua. Udongo una kina gani? Miche inaota yenyewe, au kwa mkono wa mtunzaji? (Walimu tunaujua mtego huu: anayejibu huku mwalimu akimnong'oneza bado hajafaulu.)

Na msitu ukishajitegemea, je, aliyechimba amesamehewa? Nasema hapana. Kilichoota ni kizuri, nami nakifurahia, ila sicho kilichoondolewa. Kwa hiyo katika karatasi ya upimaji ningetaka pawepo nafasi ya majina ya miti iliyokuwapo kabla ya baruti, hata kama hakuna atakayeirudisha.