Nani Mwenye Nguvu Kupita Wote?

Jumapili moja, baada ya Misa, tuliwakuta vijana wawili wakibishana karibu na mlango wa kanisa. Mmoja alisema kwamba Superman anaweza kumshinda kila mtu. Mwenzake akamjibu: « Hata kidogo! Goku atamwangusha mara moja. » Maneno yakapanda, wakaanza kushikana mashati, mpaka mzee mmoja akawatenganisha. Wazee wengine walicheka: kupigana kwa ajili ya watu wasiokuwako! Sisi hatukucheka sana, maana tulipokuwa wadogo tulibishana vile vile juu ya simba na tembo wa hadithi za bibi. Tangu siku ile tumelifikiri neno hili, nasi twataka kulifikiri pamoja nanyi, wasomaji wetu.

Kwanza tuulize: je, ulizo lao lina jibu?

Nguvu ya mtu wa kitabu ni mkopo. Mwenye kalamu ndiye ampaye, ndiye amnyang'anyaye. Mwaka 1996 makampuni mawili makubwa ya Marekani yenye kutoa vitabu vya picha, Marvel na DC, yalipatana kuwapambanisha mashujaa wao. Mapigano yalikuwa 11, na katika 5 mshindi alichaguliwa na wasomaji kwa kura. Superman alimshinda Hulk. Wolverine alimshinda Lobo. Sasa, kila aliyesoma vitabu vya Lobo alijua kwamba huyo ni wa kusimama mbele ya Superman mwenyewe. Wolverine ana makucha yake na hasira yake, basi. Lakini alipendwa zaidi. Tena katika picha hatuoni namna alivyoshinda: wote wawili walianguka nyuma ya meza ya baa, kisha Wolverine akainuka peke yake. Kura zile zilipima nini, kama si mapendo ya wasomaji?

Wachina wa kale walilijua jambo hili. Han Fei, mwenye hekima aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika habari za mchuuzi mmoja wa silaha. Mchuuzi aliisifu ngao yake kwamba hakuna mkuki wa kuitoboa. Kisha akausifu mkuki wake kwamba hakuna kitu usichokitoboa. Mtu mmoja akamwuliza itakuwaje akiichoma ngao yake kwa mkuki wake, naye akakosa la kujibu. Mpaka leo Wachina na Wajapani wakitaka kuandika neno la mambo yanayopingana, huandika alama mbili: mkuki na ngao. Vijana wetu pale mlangoni walikuwa wachuuzi wawili, mmoja wa mkuki, mmoja wa ngao.

Mtu atasema: ni mchezo tu, waacheni. Kweli ni mchezo, wala hatuoni dhambi ndani yake. Tena una faida. Kijana anayebishana vizuri hutafuta ushahidi, hutaja kitabu na ukurasa, hujifunza kutenga alichokiona na anachokitamani. (Wakubwa wengi wanaobishana juu ya siasa hawafiki hata hapo.)

Linalotusumbua ni mizani yao. Katika Dragon Ball, masimulizi ya Mjapani Akira Toriyama yaliyoanza mwaka 1984, kuna chombo kinachovaliwa jichoni, nacho huonyesha nguvu ya mtu kwa hesabu. Frieza, yule mwovu, hujitapa kwamba nguvu zake ni 530,000. Hesabu hiyo vijana wanaijua kuliko namba za nyimbo za kwaya. Lakini nani anamkumbuka mkulima? Raditz alipofika duniani alikutana kwanza na mkulima mwenye bunduki. Akampima: 5. Mkulima akapiga risasi. Raditz akaidaka kwa mkono, akamrudishia, na mkulima akafa. Hadithi ikaendelea na safari yake. Vijana wakiitaja hiyo 5, huitaja kwa kucheka.

Superman hakuanza kwa mizani hiyo. Alipotokea mara ya kwanza, mwaka 1938, hakuweza kuruka angani kama ndege. Aliruka kwa miguu tu, kama mita 200. Alifanya nini kwa nguvu hizo? Alimwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila kosa, akamzuia mume aliyekuwa akimpiga mke wake. Kazi ambazo jirani yeyote angemshukuru. Baadaye waandishi walimwongezea na kumwongezea, akaruka angani, hata akasukuma sayari. Lakini asiyeweza kushindwa hana habari ya kusimuliwa. Ikabidi kumtafutia jiwe la kumdhoofisha, kriptonaiti, lililosikika katika mchezo wa redio mwaka 1943. Na mwaka 1986 John Byrne, alipoandika upya mwanzo wake, alimpunguzia nguvu. Wabishi wengi hawapendi kukumbushwa habari hiyo.

Na hao waliomwumba? Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa mji wa Cleveland, waliuza haki zao juu yake kwa dola 130. Wengine wakatajirika. Wawili hao wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakazeeka. Mwaka 1975, Shuster akiwa karibu kipofu, ndipo walipokubaliwa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao yakarudishwa vitabuni. Mwenye kusukuma sayari hakuwasaidia kitu. Waliowasaidia ni watu wa kalamu kama wao, na mmoja wao ni mchoraji Neal Adams.

Adams huyo huyo ndiye aliyechora, mwaka 1978, kitabu cha Superman na Muhammad Ali, yule bondia aliyempiga George Foreman huko Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Ili pigano liwe la haki, Superman anawekwa chini ya mwanga wa jua jekundu, na nguvu zake zinamtoka. Ali anampiga, anampiga tena. Superman haanguki. Mwishowe ni Ali mwenyewe anayeacha kupiga na kuomba pigano likomeshwe. Ndipo mwenzake anapoanguka kifudifudi.

Tuliwasimulia vijana wale wawili habari hiyo. Wakanyamaza kitambo. Kisha yule wa Goku akatuuliza: « Na Ali akipigana na Goku, baba? »