Pasaka ya Mlimani na Swali la Muda Mtakatifu

Nchini Norwei wiki ya Pasaka ni wiki ya milima. Shule hufungwa wiki nzima inayoanza na Jumapili ya Matawi, na kwa kuwa Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ni sikukuu za kitaifa, mzazi akiomba ruhusa ya siku tatu tu kazini hupata siku kumi mfululizo. Ndipo familia hupakia skii kwenye gari au treni na kuelekea kwenye vibanda vya mbao huko juu, ambako theluji bado imetanda ilhali ya mijini imekwisha kuyeyuka. Nchi hii ilikuwa ya Kilutheri kwa sheria tangu 1537, na katiba yake haikuachana na dini ya dola hadi marekebisho ya 2012. Hata hivyo, katika siku ambazo Kanisa linakumbuka kifo na ufufuko wa Kristo, waumini wake wengi wako mbali na usharika wao. Swali linalozuka hapo ni la kale kuliko likizo zote za theluji: je, muda uliotengwa kwa ajili ya Mungu hubaki mtakatifu pale watu wanapoutumia kujiburudisha?

Anayepanga safari ya namna hii hutambua mapema kwamba tarehe si yake. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliagiza Makanisa yote yaadhimishe Pasaka siku moja, na kanuni iliyokuja kushika mizizi ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada ya hapo. Kwa hiyo katika Makanisa ya magharibi Pasaka hutembea kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2008 iliangukia 23 Machi; mwaka 2011 ilikuwa 24 Aprili. Kwa mtelezaji, tofauti hiyo si ndogo. Pasaka ya Machi hukuta theluji kavu hata kwenye vilima vya chini. Ya mwishoni mwa Aprili humlazimu kupanda juu zaidi, tena abebe nta laini yenye kunata kama gundi, kwa sababu theluji ya wakati huo huyeyuka mchana na kuganda usiku, na nta ya kawaida haishiki.

Wapo waliotaka kuumaliza usumbufu huu. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuiweka Pasaka kwenye Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili, lakini sheria hiyo haijawahi kuanza kutumika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitamka mwaka 1963 kwamba haukatai Jumapili maalumu, ilimradi Wakristo wengine waafiki. Hadi leo Pasaka inafuata mwezi, na ni heri iendelee kuufuata. Karibu kila kitu kingine katika mwaka wa mtu wa mjini kimepangwa kwa manufaa ya ofisi na masoko. Hapa ofisi, shule na hata makampuni ya treni husubiri mwezi mpevu. Familia isiyoingia kanisani kamwe bado hupanga likizo yake kwa hesabu ya maaskofu wa karne ya nne, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba muda huo ni wa kupewa.

Desturi ya kupanda mlimani yenyewe si ya zamani sana. Reli ya Bergen, iliyokamilika mwaka 1909, ilipita katika nyanda za juu na kusimama Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, ikawafungulia watu wa mijini nchi ambayo awali ilijulikana na wawindaji na wachungaji wa mifugo. Mwaka 1923 waandishi vijana Nordahl Grieg na Nils Lie walitoa riwaya ya upelelezi kuhusu wizi katika treni ya Bergen, tangazo lake likachapishwa gazetini kwa sura ya habari ya kweli. Tangu hapo kusoma riwaya za upelelezi kumekuwa sehemu ya Pasaka ya Kinorwei. Machungwa na chokoleti ya Kvikk Lunsj, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, vilifuata baadaye.

Lawama juu ya sikukuu kugeuzwa starehe zina historia ndefu. Mwaka 1520 Martin Luther alipendekeza sikukuu zote zifutwe, ibaki Jumapili tu, kwa hoja kwamba ulevi, kamari na uvivu wa siku hizo vilimchukiza Mungu kuliko kazi za siku za kawaida. Mwaka 1770 serikali ya Mfalme Christian VII, aliyetawala Denmark na Norwei, ilifuta kundi zima la sikukuu, ikiwemo siku ya tatu ya Pasaka. Hatua hizi mbili zinafanana kwa nje tu. Luther alihofia heshima ya Mungu. Serikali ilitaka siku zaidi za kazi. Hoja ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu haijafa. Inasikika kila mara likizo inapotetewa kwa kusema kwamba mfanyakazi aliyepumzika huzalisha zaidi na mtoto aliyecheza hufaulu zaidi mtihani. Kwa mtazamo huo mapumziko ni matengenezo ya mashine, na hata mlima ni karakana.

Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani Josef Pieper aliijibu hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu mapumziko na utamaduni. Alishikilia kwamba mapumziko ya kweli hayapo kwa ajili ya kazi, na kwamba mzizi wake ni ibada: mtu husherehekea kwa kuwa anaukubali ulimwengu kuwa ni mwema, na hawezi kuukubali hivyo bila kumshukuru aliyeuumba. Miaka mitatu baadaye Rabi Abraham Joshua Heschel alieleza Sabato kama utakatifu unaokaa ndani ya muda kabla ya kukaa mahali. Wote wawili wanampa mtetezi wa Pasaka ya mlimani kitu cha kushika na pia kitu cha kuogopa. Ikiwa utakatifu uko katika muda, basi hauishii kwenye mlango wa kanisa. Lakini muda unaojazwa bila kubaki hata saa moja tupu umeshageuzwa kuwa kazi ya aina nyingine.

Hali ya mambo mlimani inaonyesha pande zote mbili. Kuna familia inayohesabu kilomita, inayoamka na ratiba na kugombana kuhusu nani amechelewesha wenzake. Na kuna ile inayosimama adhuhuri mahali palipokingwa na upepo, ikachimba shimo kwenye theluji, ukuta wake mrefu ukitazama jua la kusini, ikatandika ngozi za kulungu wa Aktiki na kukaa. Baba anamenya chungwa, maganda yanawekwa mfukoni yasiachwe kwenye theluji, chai inamiminwa kutoka kwenye chupa, bibi anafumba macho akiota jua baada ya miezi ya giza. Saa mbili zinapita bila jambo lolote kufanyika. Hapo hakuna sala iliyotamkwa, ila kile Pieper alichokiita msingi wa sherehe kipo: kuukubali ulimwengu bila kuutaka ulete faida. Arne Næss, mwanafalsafa wa Kinorwei aliyeishi miaka mingi katika kibanda chake cha Tvergastein, yapata mita 1,500 kwenye safu ya Hallingskarvet, aliufikia msimamo unaokaribiana na huo kwa njia isiyo ya Kanisa: maumbile yana thamani yake yenyewe hata kama hayamfai binadamu kitu.

Hata hivyo, shimo la jua halitoshi kuitwa Pasaka. Shukrani kwa ulimwengu mwema ingefaa siku yoyote yenye jua. Pasaka inadai jambo mahususi, kwamba aliyeuawa alifufuka. Ijumaa Kuu ndiyo kipimo kigumu zaidi. Vizazi vilivyopita vya Wanorwei viliishi siku hiyo bila michezo wala kicheko, na kwa mwamini ni vigumu kueleza jinsi siku ya kifo cha Bwana inavyoweza kuwa siku nzuri ya kuteleza. Jibu la baadhi ya sharika limekuwa kuwafuata watu: Jumapili ya Pasaka ibada hufanyika nje, altare huchongwa kwa theluji, waumini husimama wakiwa na skii miguuni. Si kila mpanda mlima hufika, lakini anayefika hukuta siku hiyo ikitajwa kwa jina lake.

Wasami wa Kautokeino na Karasjok, kaskazini kabisa, hawajalazimika kugawa mambo haya. Kwao Pasaka ndiyo wakati wafugaji wa kulungu hukutana kabla ya mifugo kuhamia malisho ya pwani, hivyo ndoa, ubatizo na kipaimara vimezoeleka kufanyika siku hizo, pamoja na mashindano ya kulungu wanaovuta watu juu ya theluji. Furaha na ibada ni vya jamii ileile mahali palepale. Likizo ya mtu wa mjini ina udhaifu hapo: huwatoa watu kwa majirani zao na kuwaacha kila kaya na kibanda chake.

Kupanga kwenyewe kuna upande wa kiroho. Waraka wa Yakobo unawaonya wanaopanga mwaka mzima ujao kana kwamba kesho ni mali yao, na mlima unafundisha hilo kwa ukali. Pasaka ya 1967 watu 18 walikufa katika ajali za milimani nchini Norwei. Baada ya hapo kanuni za usalama wa mlimani, ambazo tayari zilikuwepo, zilienezwa upya na kuchapishwa hata ndani ya karatasi za chokoleti. Zinataka mtu apange njia yake na awaambie wengine anakokwenda, lakini pia awe tayari kurudi bila aibu hali ya hewa ikibadilika. Mzazi anayegeuza nyuma watoto wake kilomita moja kabla ya kibanda ameelewa kwamba mpango wake si amri.

Mwisho kuna suala la wale wanaofanya kazi ili wengine wapumzike. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inamtaja mtumwa, mgeni na hata ng'ombe, kwa sababu Waisraeli wenyewe waliwahi kuwa watumwa Misri. Sheria ya Norwei ya 1995 kuhusu utulivu wa sikukuu hufunga maduka siku hizo, lakini inaruhusu yale ya maeneo ya kitalii yafunguliwe. Matokeo yake ni kwamba karani wa duka la mjini anapumzika Alhamisi Kuu, ilhali mwenzake wa kijiji cha skii anasimama kwenye mashine ya malipo, pamoja na mwendeshaji wa lifti na msafishaji wa hoteli. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wanaokesha tayari kuokoa waliopotea hawamo katika lawama hii. Yesu mwenyewe alitetea kumtoa kisimani ng'ombe aliyetumbukia siku ya Sabato. Kuokoa uhai ni kazi ya rehema, na kuuza maziwa yaliyosahauliwa si rehema. Familia inayonunua mahitaji yote kabla ya jioni ya Jumatano na kujipikia yenyewe haiwezi kufunga duka la kijiji, ila inaacha kuwa miongoni mwa wanaolifanya lifunguliwe.